Fundi Alitambua Mkono Wake

Leo nimepeleka gari lenye ufa, fundi akaniongezea tundu.

Giaboksi ilikuwa inavuja mafuta. Fundi Shikuku akaishusha, akaipangusa, na kweli ganda lake lilikuwa limepasuka. Lakini kabla ya kuchomelea, akachukua drili akatoboa pale ufa unapoishia.

Nikapiga kelele. Jameni, si nimeleta izibwe?

“Ufa hukimbianga, madam,” akasema. “Ukitoboa hapo mwisho, inasimama.”

Hiyo nimeipenda! Nikainama niangalie vizuri (mnanijua na maswali yangu).

“Na hiki kingine hapa pembeni ni nini?”

Akasugua grisi. Tundu la zamani, limezibwa kwa kuchomelewa.

Akaligusa kwa kidole, akacheka.

“Hii ni mkono yangu! Na bado imeshika. Gari hii si ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Matungu?”

Mwalimu huyo ni shemeji yangu. Ndiye aliyeniuzia gari, akaapa giaboksi haijawahi kufunguliwa.

Jumapili anakuja kwetu kula ingokho, kuku wetu wa Kiluhya.

Sasa niambieni: nimwekee firigisi kama mgeni wa heshima, au nimpe shingo bila kusema neno?