Meno ya Kichwa cha Treni

Mama yangu ni fundi wa meno ya bandia. Si daktari, na ukimwita daktari anakukatiza hapo hapo. Daktari ni yule wa mbele, mwenye koti jeupe na kiti kinachopanda na kushuka. Yeye ni mtu wa chumba cha nyuma, wa plasta, nta na vumbi. Alipostaafu hospitalini alihamishia kazi zake nyumbani, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa changu. Siku hizi nikienda kuwatembelea nalala sebuleni, na taya za watu zimejipanga dirishani pale nilipokuwa naweka vitabu vyangu vya shule.

Baba alikuwa karani wa mizigo stesheni. Kustaafu hakukumkaa vizuri kabisa. Maisha yake yote alikuwa ameyaishi ndani ya kelele, ghafla akajikuta kwenye nyumba ambayo ukidondosha kijiko jirani anauliza kulikoni. Akaanza kumwandama Mama. Sufuria hii mbona iko huku? Pazia hili limeoshwa lini? Nani amehamisha redio? Mwisho Mama akanipigia simu kazini.

"Mwanangu, mtafutie baba yako shughuli. Usipomtafutia wewe nitamtafutia mimi, na hataipenda."

Basi nikamnunulia treni. Si ya kitoto, hapana. Ni zile treni ndogo za umeme wanazozipenda watu wazima, zilizochongwa kila kitu kama za kweli, mpaka ngazi ya dereva na taa za mbele. Kichwa chake kilikuwa cha kijani, kinaenea kiganjani. Baba alipofungua boksi alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Tukatandika reli juu ya meza ya kulia, tukaunganisha umeme, Baba akazungusha swichi kwa vidole viwili kama mtu anayegusa kitu cha moto. Kichwa kikaondoka. Kikaenda kidogo, kikashtuka. Kikaenda, kikashtuka. Utafikiri kina kwikwi. Kilipofika kwenye kona kikasimama, kikabaki kinavuma.

"Kibovu," Baba alisema.

"Baba, kipya hiki. Kimetoka kwenye boksi sasa hivi mbele ya macho yako."

"Basi ni kibovu kipya."

Dukani waliniambia nikirudishe, wakipeleke kiwandani, tusubiri. Baba akakataa katakata kukitoa. Alikiweka juu ya kabati la vyombo, kila akipita anakitupia jicho na kuguna. Mama akamwomba amwachie akifungue, amtazamie.

"Hilo si jino, mama watoto," Baba alimjibu. "Usikiguse."

Mama akasema, "Haya." Asiyemjua angedhani amekubali.

Alasiri moja Baba alipopitiwa na usingizi kwenye kochi, Mama alikishusha kile kichwa, akaenda nacho chumbani kwake, akalegeza skrubu za tumboni. Kifuniko kilipoachia tu, springi moja ndogo kama ukope ikaruka na kupotea. Nilifika wakati huohuo, nimepita kuwasalimia nikitoka kazini. Nilimkuta Mama chini ya meza na tochi, na Baba amesimama mlangoni, nywele bado zimelala upande mmoja.

"Unatafuta nini?" Baba aliuliza.

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo tu, mzee. Rudi ukalale."

Ndipo Baba alipoona kichwa chake cha treni kiko juu ya meza, kimelala chali, matumbo nje. Nikajiandaa kusikia mengi. Lakini alivuta pumzi, akakunja suruali magotini, akaingia chini ya meza kwa upande wa pili. Wazazi wangu wote wawili wakawa wanatambaa kama watoto wanaojifunza kwenda, wanagongana vichwa na kulaumiana. Springi niliiona mimi. Ilikuwa imenasa kwenye nta, katikati ya meno ya chini ya jirani yetu wa nyumba ya pili.

Tulicheka mpaka Mama akakaa sakafuni. Na kwa kuwa mambo yalishafika hapo, Baba akavuta kiti.

"Umeona nini humo ndani?"

"Sijaona kitu," Mama alisema. "Gia zinaonekana nzima, waya uko sawa, mota inazunguka. Kila kitu kizima na chenyewe kinachechemea."

"Washa."

Mama akagusisha waya. Magurudumu yakazunguka hewani. Baba akafumba macho, akainamisha kichwa, sikio karibu na meza.

"Zima. Washa tena, polepole." Akatulia. "Kila mzunguko kinagonga mara moja tu. Mara moja, basi. Behewa likiwa na gurudumu lililokula upande mmoja hulia hivyohivyo. Ubovu wako uko sehemu moja, mke wangu. Usihangaike na vingine."

Mama akamtazama kama aliyeletewa mume mwingine. Kisha akafungua droo, akatoa ile karatasi nyembamba ya bluu anayong'atishwa mgonjwa ili meno yanayogusa kupita kiasi yaache alama. Akakata kipande chembamba sana, akakipitisha katikati ya gia mbili, akazizungusha kwa kidole.

"Hata hii ina meno, mzee," alisema.

Meno yote ya gia yaligusa rangi kidogo, isipokuwa moja lililopakaa bluu nzito. Chini ya lenzi likaonekana kosa lenyewe: kijinundu cha plastiki kilichobaki kiwandani gia ilipotolewa kwenye kalibu, na mtu aliyetakiwa kukiondoa pengine alikuwa anazungumza na mwenzake. Mama alikikwangua kwa kisu kilekile cha kuchongea nta. Akafunga. Tukakirudisha kwenye reli.

Kilikwenda kama maji. Kikaipita ile kona, kikazunguka, kikarudi, na Baba akakiacha kizunguke mpaka chai ikapoa.

Sasa, Baba alikuwa na rafiki yake mfamasia, mwenyekiti wa kikundi cha wapenzi wa treni ndogo waliokuwa wakikutana kwenye ukumbi wa maktaba. Baba alikipeleka kichwa chake huko kujionyesha, na kumbe wenzake kadhaa walikuwa wamenunua vya aina ileile, vyote vina kwikwi. Basi vikaanza kuja nyumbani kwenye mifuko na vikapu, vimefungwa kwa taulo kama vichanga. Baba anasikiliza, Mama anatafuta. Wakambatiza Mama jina, Mama Meno, naye akajifanya amekasirika.

Ndipo mfamasia alipoleta kile kikubwa cheusi.

Kilikuwa mali ya kikundi kizima, cha mtindo wa zamani wa moshi, chenye vyuma virefu ubavuni vinavyounganisha magurudumu ili yasukumane kwa pamoja. Hakikuwahi kutembea tangu kitoke kiwandani. Vyuma vilikuwa vinakwama, magurudumu yanavutana kila moja upande wake. Na maonyesho yalikuwa yamekaribia, matangazo yameshabandikwa mjini, kichwa chenyewe ndicho kilichochorwa kwenye matangazo.

Mama aliuona ubovu upesi. Pini inayoshika chuma upande wa kushoto na ile ya upande wa kulia zinatakiwa kupishana robo mzunguko, na zipishane hivyohivyo kwenye kila ekseli, yaani mhimili unaobeba jozi ya magurudumu. Ekseli ya mbele ilikuwa sawa. Zile nyingine kiwandani zilikuwa zimepachikwa kwa kubahatisha. Lakini kuona ni jambo moja, kutengeneza ni jingine. Aliyachomoa magurudumu, akayapachika upya kwa jicho, na kichwa kikawa kibovu kuliko kilivyokuja. Akarudia. Kikakwama kabisa.

"Shemeji, usijitese," mfamasia alimwambia. "Tutakiweka tu kwenye kabati la kioo, watu watakitazama."

"Kutazamwa ni kazi ya picha, shemeji," Mama alijibu, lakini sauti haikuwa yake. Nilijua ameumia. Hajazoea kurudisha kitu kikiwa hakijapona. Baba naye, kwa mara ya kwanza, hakuuliza sufuria iko wapi. Aliitafuta mwenyewe, akapika, akamwekea mezani.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanakunywa chai. Baba akamuuliza, kwa kutaka tu kumtoa kwenye mawazo, "Hivi ukiwa unatengeneza meno ya mtu, unayashikaje yasihame?"

"Nayamwagia plasta. Ikikauka, kila jino lina..."

Hakumalizia. Aliinuka na mkate mkononi.

Alichofanya ni hiki. Alichukua ile ekseli nzuri ya mbele, akaipaka mafuta, akailaza kwenye plasta mbichi mpaka nusu, pini zake zikajichora humo. Ilipokauka akaitoa, ikabaki kalibu yenye umbo lake kamili. Kisha akazilaza ekseli mbaya humohumo, moja baada ya nyingine. Magurudumu yalikosa nafasi ya kwenda kokote isipokuwa pale yanapotakiwa. Akayakandamiza, akayapaka gundi. Walipopitisha umeme, vile vyuma vya ubavuni vilipanda na kushuka kama mikono ya mtu anayekanda unga.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mama aligoma kukaa mbele, akajibanza karibu na mlango na mkoba kifuani. Kichwa cheusi kikatoka kwenye stesheni ya mbao kikivuta msururu wa mabehewa, na watu wote wakainama kutazama. Baba peke yake hakutazama. Alikuwa amefumba macho.

Nikamnong'oneza, "Unasikia nini, Baba?"

"Sisikii kitu," alisema. "Mwanangu, sisikii kitu kabisa!" Akaanza kucheka, machozi yanamtoka.

Mfamasia alipomtaja Mama Meno kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, na mama mmoja mnene akapenya mpaka pale mlangoni akiwa na shida ya haraka. Meno ya mumewe yanagonga akila, je, fundi anaweza kumsaidia?

Baba akawahi kujibu. "Mlete nyumbani, nitamsikiliza."

Jumapili iliyopita niliwapigia simu ikaita bila kupokewa. Baadaye Mama akanipigia yeye. Walikuwa na mgonjwa kutoka mbali, alisema, waya wake umelehemiwa harakaharaka kiwandani, risasi ya kulehemu imekaa juu kama usaha wala haikushika. Nyuma yake nilimsikia Baba akilalamika kwamba taa aliyoshikiwa na Mama inatikisika.

"Haya mwanangu, wasalimie huko," Mama akasema. "Bosi ananiita."