Kiti Ambacho Dada Hakukikalia

Fundi viti alikuwa na kipimo kimoja tu cha kazi yake: dada yake mkubwa. Kila kiti kilichotoka mikononi mwake, dada alikikalia dakika tano huku akimenya viazi, akijigeuza kushoto na kulia. Kikinyamaza, kinauzwa. Kikilia, kinarudi kwenye randa. Miaka kumi na minane, hakuna mteja aliyelalamika.

Hadi siku fundi alipomwambia mteja, dada akisikia, "Kikimbeba huyu, kitabeba hata trekta."

Dada alikusanya viazi vyake akaondoka bila kuaga. Kiti kilichofuata kilikwenda shuleni bila kukaliwa, na mwalimu mkuu akaanguka nacho mbele ya wazazi mia mbili, miguu juu, hotuba mkononi. Kufikia jioni video ilikuwa kwenye kila simu, na redio ikamwalika fundi. Shule ilikuwa imeagiza viti arobaini zaidi. Mwalimu mkuu akasema atamsikiliza fundi akijieleza redioni kesho yake, ndipo aamue kama anavitaka.

Mpwa wa fundi, mtoto wa dada huyo huyo, mwenye diploma mbichi ya mahusiano ya umma, akamfanyisha mazoezi.

"Mjomba, ukiulizwa lolote, sema: 'Tunazingatia ubora, na suala hili linafanyiwa kazi.'"

"Na nikiulizwa jina?"

"Mjomba, acha utani!"

Studioni mtangazaji hakuzunguka. "Fundi, kiti kilivunjika kwa nini?"

"Tunazingatia ubora, na suala hili linafanyiwa kazi."

"Linafanyiwa kazi na nani?"

Hilo halikuwamo kwenye mazoezi. "Na... mtaalamu wetu wa ubora."

"Yuko wapi?"

Nyuma ya kioo, mpwa alipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Fundi akaitazama karatasi yake. Ndiyo maneno yale yale aliyoambiwa mwaka mzima kila alipokwenda kuulizia bomba la maji lililopasuka mtaani kwao, na bomba lilikuwa bado linamwaga. Akaikunja.

"Amenuna," akasema. "Ni dada yangu, ndiye hupima viti. Nilimtania mbele ya mteja, akasusa, nami kwa kiburi nikakipeleka kiti bila kupimwa. Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu, si la mbao."

Simu ya studio ikaita. Alikuwa dada.

"Mwalimu umemwomba radhi. Na mimi wa trekta?"

"Nisamehe, dada."

"Sikusikii."

"Nisamehe, dada yangu!" Mtangazaji alivua visikilizio masikioni. Mpwa alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kichwa.

Mwalimu mkuu alikubali viti vyote arobaini, kwa sharti moja: vikaliwe shuleni, yeye akiona. Dada akaja na beseni la viazi. Kiti cha thelathini na moja kikalia.

"Hiki kirudi," akasema, na mwalimu mkuu, ambaye siku hiyo hakukubali kuketi popote, akakisogeza pembeni mwenyewe.

"Mama, tukupige picha ya tangazo?" mpwa akanong'ona.

"Kwanza niandikwe kwenye mlango wa karakana: Mtaalamu wa Ubora."

Fundi alikuwa tayari anatafuta brashi.

"Na wewe," dada akamwambia bila kugeuka, "trekta usichore."