Fulana ya Dubu Mweupe

Nimeuza mitumba Gongoni miaka mingi, na kama kuna jambo linalonichosha ni kuulizwa fulana imeandikwa nini. Mteja anataka nguo, si hotuba. Lakini aliyeniuliza siku ile alikuwa baba yangu mzazi, na mimi ndiye niliyempelekea fulana yenyewe, kwa hiyo nikajikaza.

Niliipata ndani ya robota: nyeupe, nzito, haijachujuka. Kifuani palikuwa na dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu. Chini yake, miaka miwili na kistari katikati, kisha maneno ya Kizungu. Wakati huo baba alikuwa bado anakwangua chumvi kwenye madimbwi ya maji ya bahari. Nilitaka aivae kazini, maana zake zote zilikuwa zimeliwa na chumvi mgongoni.

Aliishika kwa ncha za vidole. "Huyu kafa lini?"

"Nani, baba?"

"Huyu. Si miaka yake hii hapa, wa kuzaliwa na wa kufa?"

Kwetu, picha na miaka miwili juu ya fulana huwa na maana moja tu. Mtu akifa, watoto wake huchapisha fulana za matanga, sura yake kifuani, na ukoo mzima huzivaa siku ya kuzika. Baba alimwona dubu akadhani amekufa, na watu wake huko wamefiwa. Nikamweleza kwamba hapana, hii ni ya kuadhimisha miaka ambayo watu wamekuwa wakimlinda, na aliyeinunua ikiwa mpya alichangia ulinzi huo, kwa sababu barafu anakoishi inayeyuka.

Hilo la kuyeyuka hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mvua ya ghafla ikinyesha kwenye madimbwi, chumvi ya wiki nzima hurudi kuwa maji, na wakwanguaji hubaki wamesimama wakitazama. "Basi namjua huyu," akasema. "Ila si vizuri kumchapisha mtu angali hai."

Akakataa katakata kuivaa kazini. Akawa anaivaa kanisani, na kila Jumapili akirudi huniuliza, "Mwenzangu yuwaendeleaje?" Nami, hoi kwa kusimama sokoni juma zima, humjibu hajambo, baba, hajambo. Sikujua lolote kuhusu hali ya dubu.

Kifua kilipomwangusha tukamrudisha nyumbani kijijini Adu, nami nikafunga kibanda nikaenda kumuuguza. Kaka zangu watatu, wote wafanyakazi Mombasa, walikuwa nasi kwenye simu tu. Uji mimi, dawa mimi, kumgeuza mimi, kumfulia mimi. Kisha siku moja, kwenye kundi letu la simu, kaka mkubwa akasema tujiandae mapema tusije tukaaibika kama jirani zetu, waliochapisha picha ya kitambulisho, marehemu katoa macho kama mtuhumiwa. Wakaanza kubishania rangi ya fulana. Mmoja zambarau, mwingine kijani. Baba alikuwa akikohoa chumba cha pili. Mimi niliye karibu nikaagizwa nimpige picha nzuri.

Hadi leo inaniuma kwamba sikukataa. Nilikuwa nimechoka hata kugombana. Nikamwambia baba picha inatakiwa kwa kadi ya hospitali.

Hakubisha. Aliniomba fulana ya dubu tu. Nikamvika polepole, nikamtoa nje penye mwanga, nikamwegemeza ukutani. Nilipoinua simu, akauliza, "Wamechagua rangi gani?"

Kumbe zile jumbe za sauti nilizokuwa nikizisikiliza jikoni, naye alizisikia zote.

"Zambarau," nikasema. Ningesema nini?

"Mwanangu, si uliniambia huyu dubu walimchapisha ili asife?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi je?"

Nikapiga picha kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini. Halafu nikaketi chini palepale nikalia kwa sauti, naye akaniambia ninyamaze, nitawashtua kuku.

Jioni ile nilituma picha kwenye kundi, na chini yake nikaandika swali lake kama alivyolisema. Sikuongeza neno. Kesho yake kabla ya adhuhuri kaka mkubwa akaingia uani na gari la kukodi. Akatoa shikamoo macho yakiwa chini, akambeba baba mgongoni mpaka garini, tukaenda hospitali Malindi. Wale wengine wawili wakafuata, wakashika zamu wodini bila kuambiwa. Mimi nililala siku mbili mfululizo. Nilikuwa na hasira nao, na niliwashukuru, na sikuwa na nguvu ya kuchagua moja.

Baba alirudi nyumbani kwa miguu yake. Alipanda mahindi, akayala yakiwa mabichi, akalalamika kwamba nimeyachoma vibaya. Msimu uliofuata alipanda tena, lakini hayo hakuyawahi.

Fulana zilichapishwa zambarau, kwa picha ileile, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amesema hataki nyingine. Kwa hiyo siku ya maziko kila mtu alikuwa na baba kifuani, na baba alikuwa na dubu kifuani. Watoto walimwita yule dubu ng'ombe. Wajomba walikaa wakajadiliana kama ni mbwa wa Wazungu.

Tulipokuwa tukitoka kaburini, mama mmoja wa kanisani kwake alinishika bega.

"Pole sana, mwanangu. Na huyu mnyama mweupe hapa kwa mzee, ni nani?"

Yalikuwapo maelezo marefu, ya barafu na ulinzi na miaka, na ningeweza kuyatoa. Lakini miguu ilikuwa inaniuma.

"Ni mwenzake," nikamwambia. "Yeye bado yu hai."