Shingo ya Mwerezi

"Mama Kasoki, kwa nini hukuwaambia?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimekaa kiti cha nyuma. Mamaangu anaendesha. Mama Kasoki yuko mbele, glavu zake za kazi ziko mapajani, amezikunja moja ndani ya nyengine kama soksi. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kwamba Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho, kwa kosa la kuutia maradhi mwerezi wa Lebanoni. Na mimi nilijua, mamaangu alijua, kwamba katika bustani ile nzima yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akiuuguza.

Mama akasema, "Tasnim, muache Mama Kasoki apumzike," akawasha redio, tukaingia barabara kuu pamoja na magari yote ya saa kumi na moja.

Sasa nina miaka kumi na saba na hasira yangu haijapoa. Kwa hiyo nataka kueleza huyu mama ni nani, maana kibao walichokisimamisha pale hakimtaji.

Kasoki anatoka kwenye vilima vya juu ya Butembo, mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa mtunza miche katika shamba la kahawa. Kasoki mdogo alipewa kazi ya kupita mstari kwa mstari, ameinama, akifukua majani na udongo uliojirundika pale shina linapokutana na mizizi. Baba yake alipaita hapo shingo.

"Muti inapumua hapa," aliwahi kunionyesha, ameweka vidole viwili chini ya kidevu changu mpaka nikacheka. "Ukiifunika shingo, mwaka ya kwanza haikuambii kitu. Mwaka ya tatu inakufa, na wewe unasema, ah, ni jua."

Vita vikamtoa kwao. Akakaa miaka tisa kambini Uganda. Alipofika Maryland, Marekani, na wanawe wawili alianza kwa kutandika vitanda hotelini, kazi ya ndani, madirisha hayafunguki, akawa anaumwa kichwa kila siku. Mamaangu ni mtu wa Zanzibar, na wakati huo alikuwa akifuta vumbi katika jumba moja la kale si mbali na College Park. Jina la jumba sitalitaja, kwa sababu mpaka leo anafanya kazi pale. Walikutana ndani ya basi, wakasikia wote wanasema Kiswahili, kila mmoja akakicheka cha mwenzake. Mama ndiye aliyempa habari kwamba bustanini wanatafuta mtu.

Bustani yenyewe haifanani na bustani nyengine, na lazima nieleze, la sivyo kosa lao halitaeleweka. Mwenye jumba alikuwa tajiri wa miaka ya 1850, na aliifuata fasheni iliyotoka Uingereza. Zamani matajiri walipenda bustani ionekane kama pori zuri, miti imechanganyika, hujui upi ni upi. Halafu ukaja mtindo mpya uliosema hapana, kila mmea uonekane wenyewe. Mti mmoja, duara moja la udongo safi, nyasi fupi pande zote, jirani asiuguse, ili mgeni auzunguke na kuutazama kuanzia chini mpaka kileleni. Ndiyo sababu walitafuta miti ya mbali, kwa maana hakuna anayezunguka mti anaouona kila siku. Pale kuna ginkgo kutoka Uchina, kuna magnolia ambayo ua lake moja linajaa sahani, na katikati, peke yake kwenye uwanja mpana, kuna mwerezi wa Lebanoni, matawi yamelala kama rafu. Likizo za skuli sikuwa na pa kuachwa, kwa hiyo nilishinda pale. Nimeuzunguka ule mwerezi mara nyingi kuliko mgeni yeyote.

Mama Kasoki alipouona mara ya kwanza alivua kofia. Alikuwa akiusikia kanisani tangu mdogo na hakuwahi kufikiri kwamba ni mti wa kweli, wenye sindano zinazoanguka zikahitaji kufagiliwa.

Majira yake ya kwanza pale aliona maduara ishirini na mawili ya udongo mzuri, mweusi, umepaliliwa, na hamna kitu isipokuwa mti katikati. Akatoa mbegu kwenye mfuko wa aproni. Wiki tatu baadaye maharage yalikuwa yanaizunguka magnolia na yameanza kuparamia ginkgo.

Mkuu wa bustani wakati huo alikuwa bibi mmoja wa miaka sabini, Lorraine. Alikuja, akatazama, akacheka mpaka akajishikiza kwenye shina. Akamwita mamaangu atafsiri, maana mamaangu alikuwa mkalimani wa kila mtu pale.

"Anauliza, kwani ulidhani nini?"

"Niliona shamba makumi mbili na mbili haina kitu," Mama Kasoki akasema. "Nikasema, hawa watu wamesahau."

Lorraine akaeleza habari ya mtindo wote, mti kusimama peke yake, mgeni kuuzunguka. Mama Kasoki akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Kumbe. Bwana alitaka kila muti ipigwe picha ya paspoti."

Mamaangu alicheka akashindwa kutafsiri. Nyinyi mliopita ofisi za wakimbizi na za viza mnajua: peke yako, nyuma peupe, mabega yaonekane, mwenzako asiingize hata sikio. Lorraine alipoelewa hatimaye alisema kwa miaka thelathini hakuwahi kusikia mtu akiueleza mtindo ule vizuri hivyo. Akaacha maharage ya duara moja la nyuma yakomae. Tuliyala kwa nazi.

Chini ya mwerezi palikuwa na kibao chenye picha: tajiri aliupanda mwaka 1854 kwa mikono yake mwenyewe. Nikamsomea Mama Kasoki.

"Mikono yake? Ile bwana ya picha, mwenye tai?" Akapima kwa macho. "Shimo ya muti kama hii inataka watu wanne, na asubuhi nzima."

Mwaka 1854 Maryland ilikuwa bado na watumwa. Hilo tumelisoma skuli. Watu wanne wale hawakuandikwa popote, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kabla hata sijajua kwamba nitaiona habari ile ile ikifanyika mbele ya macho yangu.

Lorraine alistaafu, akaja Gregori. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma ukurasa mmoja. Katika kitabu cha kale cha mtindo ule alikuta kwamba miti ilipandwa juu ya vilima vidogo, ili hata mwanzo wa mizizi uonekane. Akafurahi sana na ugunduzi wake. Akaagiza lori la matandazo, vile vipande vya magome vinavyomwagwa kwenye kila ua wa nyumba hapa Marekani, akaamuru yarundikwe kwenye kila shina mpaka kiunoni mwa mtu. Kitabu kilisema mti upandwe juu ya kilima. Yeye alichukua kilima akakipanda juu ya mti.

"Kwetu volkano tunazijua," Mama Kasoki alisema alipoona. "Hakuna mutu anapanda muti ndani yake."

Mamaangu yuko ndani ya jumba, basi Mama Kasoki akajaribu kumwonyesha Gregori kwa ishara. Alijishika shingo, akatoa ulimi. Gregori akadhani ana kiu, akamletea chupa ya maji.

Basi vikawa vita vya kimya. Kila asubuhi, saa moja kabla ya Gregori kufika, Mama Kasoki alipiga magoti chini ya mwerezi, akayavuta matandazo kwa mikono, upande aliouwahi ndani ya saa hiyo, mpaka shingo ikaonekana. Kila Ijumaa lori lilikuja, na vibarua wa kampuni wakayarudisha. Miti ishirini na mmoja mingine aliiacha, hakuwa na muda. Aliuchagua ule mmoja. Njiani kurudi nyumbani alitueleza ndani ya gari jinsi gome lilivyokuwa laini, linanuka kama uyoga, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo. Mama alisema, "Taratibu, dada, usije ukajiponza."

Mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, sindano zikaanza kugeuka manjano. Gregori akaja mapema siku moja, akamkuta amepiga magoti, matandazo yako kando. Akapiga picha. Kwake maana ilikuwa wazi: mti umenyimwa kifuniko chake, umekauka kwa joto, na mkosaji ni huyu. Alasiri wakamwita ofisini, na mamaangu akaitwa atafsiri.

Mimi nilingoja kwenye ngazi. Walikaa humo kitambo. Mama alitoka wa kwanza.

"Kawaambiaje?" nikauliza.

"Hakuwa na la kusema. Panda gari."

Na ndani ya gari nikauliza lile swali, na nikapata redio.

Mama Kasoki akahamia kazi ya kulea wazee katika nyumba moja huko Annandale, mabasi mawili na treni kila siku. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza ili migongo isifanye vidonda. Anasema wazee wana adabu kuliko miti. Lakini nimemwona akipita kwenye maegesho ya supamaketi, akiona mti mchanga uliozikwa na matandazo, anaweka mifuko chini na kuinama. Watu wanamtazama. Hajali.

Miaka miwili baada ya kumfukuza waliita mtaalamu wa miti. Akaleta mashine ya kupuliza udongo kwa upepo, akafukua shina, akaonyesha: gome limeoza pande zote isipokuwa upande mmoja, kama upana wa mikono miwili, ambao kwa sababu fulani ulikuwa umebaki mkavu kwa muda na kupona. Mti mzima ulikuwa ukiishi kwa upande ule. Kwa sababu fulani, aliandika mtaalamu. Sababu hiyo ilikuwa Annandale, inakata kucha za bibi wa miaka tisini na moja.

Hayo yote nimeyajua mwaka huu, kwa kuwa mwezi wa nne skuli yetu ilitupeleka pale kwa ziara, na ripoti ya mtaalamu imebandikwa ukumbini. Kibao ni kipya. Cha tajiri kimeondolewa na sasa kinasema mwerezi ulinusurika kufa na uliokolewa na Gregori, aliyetambua umuhimu wa kuliacha shina wazi. Kuna na picha yake, amepiga magoti pale pale. Glavu zake ni safi.

Nilisimama pale mpaka mwalimu akanifuata. Walimfukuza kwa jambo lile lile wanalomsifia mwengine. Niliporudi nyumbani niliandika barua ya kurasa tatu kwa wakurugenzi wa jumba. Nilieleza shingo, kahawa, asubuhi zote zile. Nilitaka wabadilishe kibao, waandike jina lake, na wamwombe radhi kwa maandishi. Mama alinikuta nikiandika, akauliza ni ya nani, nikamwambia. Akasema, "Mambo ya zamani hayo, mwanangu," akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumamosi nikapanda basi kwenda kwa Mama Kasoki, aisikie kabla sijaituma. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamsomea yote, natafsiri sentensi kwa sentensi, na nilipofika kwenye shingo akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika ukurasa wa pili, pale nilipoandika kwamba hakupewa hata nafasi ya kujieleza, akaweka kisu chini.

"Ile utoe."

"Kwa nini nitoe? Ndiyo ubaya wenyewe."

"Sababu haiko kweli. Nafasi walinipa. Gregori mwenyewe aliuliza, juu ya nini unafanya hivi? Aliuliza muzuri."

"Basi Mama Kasoki," nikasema, na sauti ilinipanda, sikukusudia, "nilikuuliza siku ile na nakuuliza tena. Kwa nini hukuwaambia?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Nilisema, mutoto yangu. Nilisema yote. Shingo, maji, kahawa ya baba, nikamwambia ashike gome na mukono yake asikie vile iko laini. Nilisema murefu. Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia Gregori, akasema maneno tatu, ine. Kiingereza yangu ilikuwa kidogo, lakini sori nilikuwa naijua. Alimwambia nasema sori. Aliogopa. Alifikiri nikiomba musamaha wataniacha. Ningemukatalia mama yako mbele ya Gregori, shefu yetu, tungefukuzwa wawili, na wewe ulikuwa unatungojea pale kwa ngazi. Sasa barua, kama unataka kutuma, tuma. Lakini uandike na hiyo."