Asante Iliyodhaniwa Tatizo

Mwalimu wa hesabu alitengeneza programu ya kupanga ratiba za vipindi kwa sababu alichoka kupangiwa madarasa mawili kwa saa ile ile. Akaiweka mtandaoni bure, hata msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, akauacha wazi, anayetaka aufungue na aubadilishe. Alijiona mkarimu kweli. Kumbe, kama anavyosimulia mwenyewe siku hizi, alikuwa amejitafutia mabosi mia tatu.

Ujumbe wa watumiaji ukaanza kumiminika. "Mbona haichapishi?" "Siku ya pili leo, hivi mko kazini kweli?" Hao "mko" walikuwa yeye peke yake, kwenye meza ya chakula, kati ya madaftari ya wanafunzi na nguo zinazosubiri pasi. Akajihami kwa kuandika masharti ya kuuliza maswali, kurasa kumi na moja, aliyoyaonea fahari kuliko programu yenyewe. Aliyeyasoma ni shemeji yake tu, naye alisinzia ukurasa wa tatu.

Jumamosi moja asubuhi ikaingia ripoti ya karani wa shule fulani: "Inafanya kazi vizuri. Asante."

Mwalimu akakunja uso. Vizuri kivipi? Akajibu: "Eleza tatizo. Unatumia toleo gani? Ambatisha picha."

Karani, mtu mstaarabu, akatuma picha. Ratiba imenyooka, haina kasoro. Mwalimu akaikuza, akahesabu vipindi mara mbili, jasho likamtoka. "Sioni hitilafu," akaandika. "Ulitarajia nini?"

"Nilitarajia kushukuru tu, ndugu yangu. Samahani kwa usumbufu."

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, alimsikia akiguna. Akasogea, akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba watoto! Mtu kakusalimia, wewe unamdai kitambulisho!"

"Lakini kaandika kwenye kisanduku cha matatizo!"

"Kwani kuna kisanduku kingine?"

Hakikuwepo. Fomu aliyoibuni mwenyewe ilikuwa na nafasi mbili tu: tatizo na ombi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akamwomba karani radhi, akafuta kurasa kumi za masharti, akaongeza kisanduku cha salamu.

Wiki ile zikaingia salamu tatu. Mbili zilianza na asante zikaishia na "lakini". Ya tatu ilikuwa asante tupu, na mwalimu alikiri kwa mkewe kwamba ameisoma mara nne, akiitafuta hiyo lakini.