Kutu ya Bomba la Mpakani

Kazi yangu ni picha za harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza, na nilikuwa nimechoka na nyuso. Mtu akikaa mbele yangu, pale studio, mtaa wa Mudzipela, anakaza shingo, anaficha meno, anageuka kuwa mtu mwingine, kisha akipewa picha analalamika kwamba huyo si yeye. Basi nikaanza kupiga vitu visivyolalamika. Cha kwanza kilikuwa kitako cha sufuria. Nilikisogelea kwa simu mpaka sufuria yenyewe ikapotea, yakabaki masizi yenye mipasuko na vidoa vinavyong'aa, nami mwenyewe nikasahau ninatazama nini. Furaha niliyoipata siku ile siwezi kumweleza mteja anayetaka viatu vyake vionekane.

Nilifanya mchezo huo nyumbani tu. Bunia si mji wa kuzurura na kamera. Ukipiga ukuta usioujua, nyuma yake kuna askari; ukipiga barabara, ndani ya gari kuna mtu ambaye hakutaka kuonekana. Nikajiona mjanja: uani kwangu mwenyewe, nani ataniuliza? Nikapiga kidumu cha njano, nikapiga soli ya ndala zangu zilizolika, nikapiga sahani iliyobanduka rangi. Hatimaye nikafika pembeni mwa parsele, kiwanja changu, penye bomba.

Ni kipande cha bomba la chuma kilichozikwa ardhini, kimebaki kama shubiri moja tu juu. Ndicho mpaka kati yangu na jirani, na hakuna kingine. Wapimaji wa kadastre, ofisi ya ardhi, hawajawahi kufika kwenye avenyu yetu. Mvua ilikuwa imelipa bomba lile kutu ya ajabu, nyekundu, nyeusi, mahali pengine karibu na zambarau. Asubuhi ilikuwa na rangi moja, jioni nyingine. Nilikuwa nalala karibu kifudifudi kwenye tope ili niipate.

Jirani yangu ni mjane aliyetoka upande wa ziwa, mkubwa kwangu kwa umri, nami namwita mama. Nilipougua malaria alilala sakafuni kwangu mpaka homa iliposhuka. Akipika sombe, majani ya muhogo, sahani yangu ilikuwa inahesabiwa bila mimi kuomba. Sina ndugu katika mji huu. Aliyekuwa akijua kama nimeamka au sijaamka ni yeye.

Asubuhi moja niliinua kichwa kutoka kwenye bomba nikamkuta amesimama na beseni lake.

"Weye unatafuta nini pale chini?"

"Kutu, mama. Napiga picha ya kutu. Iko muzuri."

Aliangalia bomba, akaniangalia mimi, akarudi kwenye bomba.

"Mutu hawezi kupiga picha ya kutu," akasema, akaingia ndani.

Jioni hakunisalimia. Kesho yake pia. Siku chache baadaye nikaitwa kwenye baraza la chefu wa avenyu, mzee mmoja mpole anayependa kusikiliza pande zote mpaka chai ipoe. Mama alikuwa ameshakaa, mikono mapajani, na hakugeuka nilipoingia.

"Kule kwetu ilianzaka vile vile," alimwambia chefu. "Batu balikuya na telefone, bakapiga picha ya mupaka, bakatusalimia muzuri sana. Kisha tukasikia karatasi iko, na shamba iko na jina ya mutu mwingine. Siye tukatoka na nguo ya ku mwili tu."

Kumbe hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza aliponiona tumbo chini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, najua, na kwa hilo nilimhurumia. Lakini iliniuma kwamba ung'ongo ulikuwa mimi, baada ya miaka yote ile ya kula pamoja. Kwa hasira nikamkabidhi chefu simu. Muzee, nikasema, angalia mwenyewe. Niliamini kabisa kwamba picha zitanitetea.

Chefu alivaa miwani. Akaigeuza simu huku, akaigeuza kule, akaisogeza mbali.

"Hii ni karte, ni ramani," akasema.

"Ni bomba, muzee."

"Bomba iko wapi? Mi naona muto hii, naona barabara, pale ni kilima. Hii ulipiga na droni?"

Nikacheka. Sikuweza kujizuia.

"Unaona? Anacheka," mama akasema.

Nikamwonyesha nyingine upesi, ya soli.

"Hii ni ndala yangu, muzee. Hii hapa niliyovaa."

"Ndala haiko vile. Hii ni mashamba, tena mashamba ya kupimwa, ona mistari."

Kila ushahidi niliotoa ulizidi kunizamisha. Laiti ningekuwa nimepiga bomba na mbuzi wangu na mlango wa nyumba, kama wapigavyo watu wote, wangeniacha niende zangu. Picha zangu hazikuonyesha kitu, na kwa hiyo lazima zilikuwa zinaficha kitu. Mwishowe chefu alinirudishia simu.

"Kama ni kutu, chunga kutu yako. Lakini pale ku mupaka, usipige tena picha kama mama haiko."

Tulirudi kwa njia ileile, yeye upande huu wa barabara, mimi upande ule, pikipiki zikipita katikati yetu.

Nilitii. Sikulisogelea tena bomba, na sombe yake sikuionja tena. Halafu Jumapili moja, natoka misa, nikaona udongo kulizunguka bomba umetifuliwa, mwekundu, laini. Na bomba lenyewe lilionekana limeinamia kwangu. Mama alikuwa amechuchumaa upande wake, anapanda.

"Mama, ulichimba hapa?"

"Nalima lengalenga."

"Mupaka ku bomba?"

"Udongo ni udongo," akajibu, bila kuinua macho.

Na kweli miche ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ilikuwepo, mstari mzima. Lakini nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho. Zamani si nilikuwa napita kati ya bomba na ukuta wa jiko langu, beseni kiunoni, bila kujigeuza? Au nilikuwa najigeuza? Niliingia ndani, nikafungua simu. Bomba lilikuwa limejaa humo: kutu ya asubuhi, kutu ya baada ya mvua, kutu yenye siafu mmoja. Kila gamba nililijua kama uso wa mtoto. Na hakuna picha hata moja iliyokuwa na ukuta ndani yake, wala majani, wala kidole cha mguu, kitu chochote cha kumfanya mtu aseme bomba lilikuwa hapa, halikuwa pale. Yote hayo niliyaondoa mimi mwenyewe, tena kwa majivuno.

Nikatoka nje. Nilisimama mlangoni, mgongo ukutani, nikainua simu na kupiga kila kitu: jiko, ua, bomba, udongo uliochimbwa, na mama mwenyewe, mikono imejaa tope. Nikahamia pembe nyingine, nikapiga tena. Nikaweka mguu wangu kando ya bomba ili nipate kipimo, nikapiga.

Mama alisimama polepole.

"Sasa ndiyo unapiga picha," akasema. "Ile yenye ulikuwa unatafuta tangu zamani."

Niliinamia simu. Picha ilikuwa safi, kila kitu kinaonekana, na kichwani nilikuwa nimeshaanza kuchagua nani wa kumpelekea.