Mvivu wa Bibi Yangu

Tope la bondeni lina harufu yake. Si kama tope la barabarani, wala la kisimani. Ni harufu ya nyasi zilizooza taratibu chini ya maji baridi, ina uchachu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa mtungini. Majuzi sokoni Makambako nilishika kiazi ambacho mwuzaji hakukiosha, bado kina tope jeusi kwenye macho yake, nikakinusa bila kufikiri. Papo hapo sikuwa tena mke wa mtu mwenye kikapu na mtoto pembeni. Nilikuwa msichana wa Kichiwa, mwezi wa saba, maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu, meno yanagongana, na nyuma yangu Bibi anasema.

Bibi alikuwa anasema siku zote. Ndiye aliyenilea. Baba alikwenda kukata mkonge Tanga nikiwa bado nabebwa mgongoni, akanyamaza huko huko. Mama akarudi kwao, akaolewa tena. Tukabaki mimi na Bibi, na ua wa pili alikuwapo Baba Mkubwa, kaka yake baba, ambaye katika mambo ya ukoo ndiye aliyekuwa na neno. Bibi angeweza kumfokea kuhusu paa linalovuja. Kuhusu nani aolewe na nani, alitakiwa kunyamaza, ingawa ndiye aliyemzaa.

Basi Bibi akawa na ugomvi na kila aliyezaliwa baada yake. Vijana wanaotembea na mikono mfukoni. Wasichana wanaomenya viazi wamekaa. "Na jembe nalo mtalikalia?" Wanaoota moto asubuhi. "Jua lenyewe limeshaamka, ninyi bado mnajikunyata." Kuhusu sisi tuliosoma alisema akili zetu tumemwachia mwalimu, na yeye anazitumia kwake. Watu walikuwa wakicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa karibu zaidi na ule mdomo, na sehemu kubwa ilinipata mimi.

Kiangazi tulilima vinyungu. Kwa asiyejua, vinyungu ni matuta ya bondeni, pale ambapo maji hayakauki. Unafyeka nyasi, unazilaza, unazifukia kwa udongo mweusi, na njaa ikifika kwa wengine wewe una mahindi mabichi na maboga. Ni kazi ya baridi. Asubuhi kulikuwa na jalidi, nyasi zilivunjika mguuni kama vigae. Bibi alinifundisha kwa matusi. "Mtaro unaanzia chini, maji yapate pa kwenda. Ukianzia juu unachimba kisima cha kujizamisha. Au shuleni maji yanapanda?" Nikaanzia chini. Nilijua kulima, nasema wazi. Darasa la nne nilikuwa nalima tuta lililonyooka kama mstari wa daftari, na hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kumsikia Bibi akisema hivyo mbele ya watu.

Kila jioni alikuwa na lingine. Alinichovya mikono katika maji ya moto, akanisugua viganja kwa jiwe la kusugulia visigino mpaka nikalia, kisha akanipaka samli. Samli ya kula, jamani, ambayo alikuwa anaificha hata kwa mchungaji. "Mikono inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe," alisema. "Nani atakula ugali wa mikono hii?" Nikaona ni lawama nyingine tu. Nalima, nalaumiwa, na alama za kulima nazo nalaumiwa.

Mwaka ule alirudi kijana mmoja wa ng'ambo ya kilima, kutoka huko huko kwenye mkonge. Alirudi na baiskeli, na koti ambalo hakulivua hata juani. Alitaka mke kabla ya kurudi Tanga. Siku zile msichana wa darasa la nne alishahesabiwa mtu mzima, na tuliambiana hivyo kisimani huku tukichekana. Mimi sikujiwazia. Nilikuwa nawaza shule ya kati, ile ya bweni, na nilikuwa nawaza tuta langu.

Asubuhi moja wanawake wawili waliteremka kwa njia ya bondeni. Mmoja nilimjua, Mama Eliza, shangazi yake yule mwenye baiskeli.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, wanangu. Mnakwenda wapi na baridi hii?"

"Tunapita tu, tunatazama mashamba." Mama Eliza alitembeza macho kwenye matuta yangu, kutoka mtaroni hadi juu. "Haya yamenyooka. Ni ya mjukuu?"

Nikanyoosha mgongo. Nilikuwa tayari kuinamisha kichwa kwa adabu, jinsi wanavyofanya wanaosifiwa.

"Ya nani, ya huyu?" Bibi akacheka. "Nimelima mimi, na mgongo wangu huu. Huyu nimemwamsha sasa hivi, alilala pale penye nyasi. Mtazameni, usingizi bado uko machoni."

"Mbona ana tope mpaka magotini?"

"Ameteleza."

Mama Eliza akaja kunipa mkono. Hakuuachia. Akaugeuza kiganja juu, akakibonyeza kwa dole gumba kama anayepima kitambaa dukani kwa Mhindi. "Laini," akamwambia mwenzake. Hakuniambia mimi. Wakaaga, wakapanda kilima. Bibi akaniokotea jembe, akasema, "Haya, endelea, maji hayakusubiri." Niliendelea. Nililima huku nalia, na udongo ukawa unanipiga usoni.

Baada ya hapo ikawa kama wimbo. Nje ya kanisa baada ya ibada: huyu ukimtuma maji anasahau ndoo. Kwenye kuvuna: huyu akipalilia anang'oa mahindi anaacha magugu. Shuleni wenzangu wakaniita Mvivu, na walioniita hivyo walikuwa hawajui hata kushika mpini. Rafiki yangu Sabina peke yake hakuniita. Sabina hakuwa na haja ya kumcheka mtu, maana yeye alisifiwa na wote. Mama yake alimwonyesha kwa kila mpita njia, "Huyu wangu ni jembe," na Sabina alitabasamu akiangalia miguu yake. Nilimwonea wivu.

Hata Baba Mkubwa alichoka. Alikuja uani, hakukaa.

"Mama, unamharibia mtoto jina. Watu wale wana ng'ombe."

"Ndiyo maana nawaambia ukweli mapema," Bibi alisema, hakuinua kichwa kwenye ungo wake. "Wakimrudisha baada ya msimu mmoja, ng'ombe utawatoa wapi, na wewe utakuwa umeshawala?"

Baba Mkubwa alikuwa ameshakata miti ya zizi. Ilibaki imelazwa nyuma ya nyumba yake mpaka tukaichukua kuni.

Watu wa yule mwenye baiskeli wakamchukua Sabina. Nilibeba boga kwenda harusini kwake, na wanawake waliimba mikono yake, mikono tu, jinsi inavyolima na jinsi inavyotwanga. Miezi michache baadaye majibu ya shule ya kati yakaja, nimepita, na Baba Mkubwa hata hakubisha. "Aende. Huku ni mdomo wa kula tu."

Bibi alinisindikiza hadi barabara kuu kungojea lori. Kulikuwa na ukungu, hatukuonana vizuri. Sikuongea naye, nilikuwa bado na hasira ya mwaka mzima. Lori lilipokaribia akanishika mikono yote miwili, akageuza viganja, akavitazama. "Sasa iache iwe inavyotaka," akasema. Nikapanda. Niliona ni maneno ya mzee.

Alifariki nikiwa sekondari, mbali, mahali ambapo habari ya msiba inakufikia ikiwa imepoa. Nilipofika Kichiwa kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Nikazing'oa. Nilizing'oa vizuri, na hapakuwa na mtu wa kusema ni yeye aliyezing'oa.

Basi majuzi, na kile kiazi puani, mwuzaji akanitazama sana. Amezeeka, meno mawili ya mbele hana, lakini nilimtambua kabla hajasema.

"Si wewe yule mvivu wa Kichiwa?"

"Ndiye mimi, Mama Eliza. Shikamoo."

"Marahaba." Akaninyooshea mkono, na mkono wangu aliupindua vile vile, kiganja juu. Nina shamba nyuma ya nyumba ya kazini ya mume wangu, nalima mwenyewe. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Mikono hii haikuanza leo. Yale matuta yalikuwa yako. Yule bibi yako, mwanangu, alituzunguka mchana kweupe."

Nilisimama pale, samli ikanirudia puani kabisa, juu ya ile harufu ya tope. Lile jiwe la visigino. Yale maji ya moto. Kila jioni, kiangazi kizima.

"Na Sabina?" nikauliza.

"Sabina mlimaji kweli, hatukukosea." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kama anayesifu ng'ombe. "Mwanaume karudi Tanga mwaka ule ule, mpaka leo anakuja akipenda. Sabina ndiye anayetulimia wote. Siku hizi mgongo haunyooki vizuri. Lakini watoto wake nao wavivu, hawa wa siku hizi, hawana akili kabisa."

Nilitaka kumpiga kwa kile kiazi. Nasema kweli, mkono uliinuka. Damu huwa inanichemka nikisikia wazee wamekaa wanahesabu uvivu wa watoto, lakini siku ile ilipita kiasi, na haikuwa hasira juu ya Mama Eliza peke yake. Sabina alikuwa na mama aliyempenda, akamsifu kwa upendo wote, na sifa hizo ndizo zilizompeleka kwa watu wale. Mimi nilikuwa na mwanamke mmoja asiye na neno katika ukoo wake, mwenye mdomo tu, akautumia huo. Akakubali nimchukie. Na kwa nini hukuniambia, Bibi? Hata siku ile ya lori, kwenye ukungu, nani angetusikia? Ningekubeba moyoni tofauti miaka yote ile. Leo ningetoa chochote nisimame bondeni na baridi yake, unitukane tangu asubuhi.

Chini, mtoto wangu Neema alikuwa amechuchumaa. Viazi vilikuwa vimeporomoka kwenye fungu la Mama Eliza, naye alikuwa anaviokota, anafuta tope kwa gauni lake, vikubwa anaweka na vikubwa, vidogo na vidogo. Hakuna aliyemtuma. Mama Eliza akaacha kucheka, akamtazama. Niliyafahamu macho yale.

"Na huyu anajua kazi. Wa kwako?"

"Huyu?" Nilisikia sauti, na haikuwa yangu. "Usimwone hivi. Mvivu. Ukimtuma chumvi analala njiani. Hapo anacheza tu."

Neema akainua uso. Alinitazama kama ninavyojua nilivyomtazama Bibi, pale mtaroni, nikiwa na tope mpaka magotini.

Nililipia viazi, nikamshika mkono, tukaondoka. Tulipopita nyumba ya mwisho ya soko nikachuchumaa mbele yake. Viganja vyake vilikuwa vyeusi na vilinuka bonde. Nikavifuta kwa khanga yangu, kimoja kimoja.

"Nimesema uongo kule," nikamwambia. "Umeviokota vizuri kuliko ambavyo ningeviokota mimi."

Alifikiri. "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Si mvivu. Lakini usimwambie mtu."